Ombi la Kuyaandikisha Maumivu ya Mgongo Kama Mtegemezi Wangu

Kwa Meneja wa Madai,
Ofisi ya Bima ya Afya.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na hasa mgongo wako, kwa kuwa naandika habari za mgongo na nisingependa uone ninakusimanga. Mimi ni fundi cherehani, mwanachama wenu kwa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na mitano ya kwanza sikuwasumbua hata kwa mafua. Najua mnanikumbuka kwa wema kwa ajili hiyo, maana kwa bima hakuna mwanachama mzuri kama yule asiyeonekana.

Miaka minne iliyopita mgongo ulianza kuuma chini, upande wa kushoto, pale mkanda unapopita. Daktari alisema ni maumivu sugu ya kuinamia cherehani, akaandika matibabu mawili: mazoezi tiba kwa mtaalamu wa viungo, na vidonge vikali vya kutuliza maumivu kwa siku zile mbaya tu. Hilo "tu" alilipigia mstari. Ninyi mkavikubali vidonge, na mazoezi mkaanza kuyajadili. Majadiliano hayajaisha mpaka leo, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Tarehe. Fomu yenu inauliza maumivu yalianza siku gani na saa ngapi. Nilieleza kwamba yalikuja taratibu, kama mgeni anayesema anapita kusalimia tu. Dada wa dirisha namba tatu, mtu wa heshima kabisa, akaniambia, "Baba, kompyuta haipokei taratibu. Weka siku yoyote tu." Nikaweka Jumanne, saa nne asubuhi. Baada ya wiki tatu nikapata barua kwamba maumivu yenye siku na saa ni ajali, hivyo nilete taarifa ya polisi. Nilikwenda kituoni. Askari wa zamu alinisikiliza vizuri, akauliza kama kuna mtu ninayemshuku. Nilipotaja cherehani akafunga daftari.

2. Kiwango. Kila mara mnataka niyape maumivu namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Mara ya kwanza niliandika tisa, mkanipa vipindi sita vya mazoezi. Vilipokwisha niliweza kufunga kamba za viatu mwenyewe, na kwa kuwa nililelewa kusema kweli nikaandika tano. Mkajibu kwamba mwanachama anaendelea vizuri na hahitaji tena huduma. Baada ya miezi miwili kamba za viatu zikarudi mikononi mwa mke wangu, nami nikaandika tisa. Mkajibu kwamba kama nimerudi tisa, basi mazoezi hayakufaa kitu, na ofisi haiwezi kulipia kisichofaa. Mtu akipata nafuu mnasitisha, asipopata mnasitisha. Nikafikiri labda mnamtaka aliye katikati, nikaandika sita na nusu. Kompyuta haipokei nusu. Mimi kila siku nawapimia watu suruali kwa nusu inchi, na hakuna aliyewahi kurudi kwake uchi.

3. Neno "starehe". Katika barua yenu ya tatu mmeyaita mazoezi tiba "huduma ya starehe". Ndugu Meneja, mtaalamu wangu wa viungo ni mama mmoja mpole wa maneno na mkali wa mikono. Hunilaza kwenye godoro jembamba, akaushika mguu wangu na kuupeleka mahali ambapo haukupangiwa kwenda. Nimelia mbele yake mara mbili. Kama ofisini kwenu kuna mtu anayestarehe namna hiyo, nampa pole yeye na watu wa nyumbani kwake.

4. Vidonge. Hapa sina budi kuwasifu. Vidonge hamviulizii siku, wala saa, wala namba. Nikifika dirishani navikuta vimeshafungashwa, hata chafya huchukua muda mrefu zaidi. Nilivitumia siku mbaya tu, kama nilivyoagizwa, lakini mazoezi yaliposimama siku zote zikawa mbaya. Vinaondoa maumivu, hilo sibishi, ila havijui pa kuishia. Baada ya maumivu huondoa macho, kisha akili. Nilisinzia nikishona koti la mwalimu mkuu, na nilipozinduka koti lilikuwa limekwisha, lina mikono miwili ya kushoto. Mwalimu mkuu ni mstaarabu. Alilivaa siku ya wazazi, na siku nzima alionekana kama mtu anayekata kona. Wiki iliyofuata sindano ilipita kwenye kidole changu nisihisi kitu, mpaka mke wangu alipoona damu kwenye kitambaa cha watu. Fundi asiyehisi sindano hana kazi tena, na mimi sijui kazi nyingine.

5. Hili la tano sikutaka kuliandika, ila mke wangu amesema nisipoliandika yeye haipeleki barua. Siku hizi saa ya kidonge haijafika, nami nimeshaanza kuitazama saa. Mke wangu akaanza kuficha chupa ya vidonge. Tumeoana miaka thelathini na moja na sikuwahi kupekua vitu vyake, lakini mwezi uliopita niliumwaga mkoba wake kitandani kama mwizi. Akanikuta. Aliokota vitu vyake kimoja kimoja na kuvirudisha. Naogopa, Ndugu Meneja. Mgongo siuogopi, tumeshazoeana. Ninayemwogopa ni yule mtu aliyekuwa na mkoba mkononi.

Kwa sababu hizo nimekisoma kitabu chenu cha masharti, jalada hadi jalada, na nadhani nimepata njia itakayotufaa sote. Ukurasa wa kumi na moja unasema mwanachama anaruhusiwa kuandikisha mtegemezi, yaani yeyote anayeishi naye nyumba moja, anayekula jasho lake, na asiye na kipato. Maumivu yangu yametimiza masharti yote. Yana miaka minne nyumbani kwangu. Huamka kabla yangu, na usiku hulala katikati ya kitanda. Tukienda kwa watu huulizwa kwanza habari zake, ndipo waulize za watoto. Na tangu yaje hayajawahi kuleta hata kibaba cha unga.

Naomba basi yaandikishwe kwenye kadi yangu, ili yapate haki yake ya vipindi kumi vya mazoezi kwa mwaka, kama mtegemezi mwingine yeyote. Fomu inataka picha mbili, nami nimeambatanisha eksirei mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu. Palipoulizwa uhusiano nimeandika "mtoto wa kufikia". Yakitimiza miaka ishirini na moja mtayaondoa kwenye kadi kama sheria inavyotaka, nami nitawaalika kwenye sherehe. Na kama mtasema kwamba hayawezi kuwa mtegemezi, basi hayana ruhusa ya kukaa kwangu, na ofisi inisaidie kuyafukuza. Mjue tu kwamba hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya yule mama wa viungo mlipomsimamisha.

Ili uone kwamba sitanii, narudisha ndani ya bahasha hii vidonge vyote vilivyobaki, ishirini na vinne. Mke wangu amevihesabu mara mbili, na kesho asubuhi atakukabidhi mwenyewe mkononi. Mimi na vidonge hivi tumeachana, na talaka ni ya kudumu. Nitavumilia mgongo wangu nikiwa macho, mpaka mtakaponijibu kuhusu mazoezi.

Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie dada wa dirisha namba tatu, umwambie sina kinyongo naye kwa ile Jumanne. Msalimie mlinzi wa getini, ambaye kila nikija hunipisha kiti chake bila kunitaka namba. Kompyuta nayo isalimie, kama inapokea salamu nzima nzima. Na wewe, Ndugu Meneja, nakuombea afya, na ukikaa, kaa wima.

Ni mimi mwanachama wako, niliyenyooka kadiri ninavyoweza,

Fundi Cherehani.

Nyongeza: Mke wangu amekwenda kulala, nami nimeifungua tena bahasha. Utakuta vidonge ishirini na viwili. Barua ilikuwa ndefu, na niliiandika nimekaa. Naomba sana usivihesabu mbele yake. Na kama ofisi haipokei dawa zilizokwisha kutolewa, nitaelewa. Mpe tu arudi nazo.