Dau Langu kwa Yule Mashoto

Jumatatu, 14 Julai

Nimeanza daftari hili ili siku nikishinda kuwe na ushahidi. Lorraine, mke wangu, ameuliza kama ni la kuandikia dawa za mgongo. Nimemwambia ni la mambo makubwa. Ameendelea kumenya viazi.

Jambo kubwa lenyewe ni hili. Jumamosi Mabaharia, timu yetu ya besiboli, wanacheza hapa nyumbani na Nyuki wa Canfield. Watu wasiojua mchezo huangalia timu. Mimi naangalia mtu mmoja: mrushaji anayeanza. Mkono wake ukiwa mzuri, wenzake wanane wanaweza kusinzia uwanjani na bado tukashinda. Na Jumamosi zamu ni ya Rubén Quintanar. Mashoto, miaka ishirini na mitatu, mpira wake unalia hewani kama nyuki. Alirusha jana, anapumzika siku tano, anarudi. Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Canfield wanamleta jamaa anayerusha kama mtu anayetupa maganda.

Nikaenda moja kwa moja kwa Chester. Chester ni kaka wa Lorraine na kinyozi wa nusu ya mji, hivyo akinicheka ananicheka mbele ya watu. Tumewekeana dau: mimi Mabaharia, yeye Canfield. Atakayeshindwa atamzolea mwenzake theluji msimu mzima. Ziwa lililo kando ya mji wetu hututemea theluji kuanzia Novemba hadi Machi. Njia ya gari ya kwangu ni fupi kama kamba ya kiatu. Ya Chester ni ndefu kama ibada ya Pasaka.

Mwaka jana alichomoka kwenye dau kwa kisingizio kwamba mrushaji alibadilishwa. Safari hii nimeandika mwenyewe, kwa wino: dau linasimama hata mrushaji akibadilishwa. Nimemfunga! Ametia sahihi huku mteja ana povu la sabuni usoni.

Jumanne, 15 Julai

Lorraine ameiona karatasi mfukoni mwa suruali. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinikumbusha kwamba daktari alisema nisinyanyue kitu kizito kuliko paka. Nikamweleza habari za mashoto. Akauliza paka ana uzito gani na koleo la theluji lina uzito gani. Nikasema swali hilo ni la Chester, si langu.

"Del," akasema, "mgongo ukivunjika, nitakuzika na hilo koleo."

Tumekula viazi.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kumkagua Rubén. Amepanga chumba kwa mjane mtaa wa nyuma, nami nilikuwa na sababu halali ya kupita pale mara sita. Mara ya sita nimemkuta kwenye ngazi za mbele anakula mkate mtupu. Mkate! Mtu mwenye majira yangu yote ya baridi mkononi, anakula mkate bila hata siagi.

Nimemsalimu. Kijana mwenye adabu sana, aliniita mzee na akasimama. Kwao ni mbali, chini kabisa Texas, na anasema chakula cha huku hakimwingii. Nimerudi nyumbani na wazo. Mkulima anayetaka mavuno hutia mbolea.

Alhamisi, 17 Julai

Nina mtungi wa mayai ya siki na bitiruti, kazi ya mikono yangu. Mekundu kama mapambo ya Krismasi. Yamekaa gereji tangu Pasaka kwa sababu Lorraine hataki yakae ndani. Nimempelekea Rubén kumi. Alikula mawili kwa heshima. Nikamsihi. Akala manne zaidi, akaniambia yana ladha ambayo hajawahi kukutana nayo. Nimemwacha ameshika kiti kwa mkono wa kushoto. Mshiko imara kabisa.

Nikapita kinyozini kumshauri Chester anunue maua, ili awe anayapanda kandokando ya njia yangu baada ya kuzoa theluji. Wateja walicheka. Chester alinikata nywele za nyuma tu, akasema za mbele atanimalizia Jumamosi.

Ijumaa, 18 Julai

Janga. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Mjane amemwambia Lorraine dukani kwamba Rubén anatapika tangu alfajiri na hawezi kusimama, sembuse kurusha. Lorraine ameniuliza kama nina la kusema. Nikasema hali ya hewa imebadilika sana. Akaenda gereji. Akarudi. Akaniangalia kama mtu anayeangalia bomba linalovuja.

Kesho ataanza Hollis Tate. Miaka arobaini na mmoja! Siku za kazi anaendesha gari la mikate. Mpira wake ni wa polepole kiasi kwamba ndege anaweza kutua juu yake. Na karatasi inasema, kwa wino wangu, dau linasimama hata mrushaji akibadilishwa.

Nilipiga moyo konde nikakimbilia kwa Chester kabla habari hazijamfikia. Nikamwambia nimefikiria sana habari za undugu, si vizuri yeye mwenyeji wa hapa kuwa upande wa wageni. Nikajitolea tubadilishane: yeye achukue Mabaharia, mimi nibebe mzigo wa Canfield. Alinoa wembe muda mrefu. Kisha akasema atakubali, lakini nikishindwa nizoe na ngazi zake za mbele pia. Ngazi kumi na nne. Nikatia sahihi haraka kabla hajabadili mawazo. Maskini Chester! Nilikaribia kumwonea huruma.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa nimelala chali.

Hollis Tate aliingia akichechemea kidogo. Nikatabasamu. Akarusha mpira wa kwanza. Ulikwenda kama barua ya serikali. Mpigaji wa Canfield alizungusha gongo, akajizungusha na yeye, akakaa chini, na mpira ukafika baadaye. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Walikuwa wamefanya mazoezi wiki nzima kwa ajili ya mipira ya Rubén ya kasi, sasa wakawa wanapiga upepo kabla mzee hajamaliza kukunjua mkono.

Raundi ya tano, tatu bila, Mabaharia mbele. Watu wa mji wetu wanasimama, wanaimba. Mimi nimekaa na kofia ya Mabaharia kichwani, naombea Canfield kimoyomoyo. Lorraine kushoto kwangu. Chester kulia, ananigawia karanga.

Raundi ya tisa, ya mwisho, Canfield wana wakimbiaji wawili njiani, na jitu lao moja likaupiga mpira ukapaa juu, mbali, kuelekea ukuta ambao ukiuvuka wote watatu wanafunga. Nikasahau nilipo. Nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele nenda, nenda, nenda! Uwanja mzima ulikuwa kimya. Sauti ilikuwa yangu peke yangu. Padri wetu aligeuka. Mpira ukadakwa ukutani, mchezo ukaisha, na mimi nikashuka kwenye benchi vibaya. Mgongo ukalia kama mlango wa ghala.

Wakati ananisaidia kwenda kwenye gari, Chester akaniambia alimnyoa Hollis jana asubuhi, saa moja kabla sijafika. Hollis alikuwa amempa habari zote za Rubén, na alikuwa na furaha kama bwana harusi. Alikuwa amesubiri miaka mitatu apewe mchezo wa kuanza.

"Shemeji," Chester akasema, "ungeuliza ningekwambia."

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kumwomba Rubén msamaha. Nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima. Nimemkuta ameketi, amekonda, anakunywa mchuzi. Kabla sijafungua kinywa akasema ni yule samaki aliyemla mgahawani Jumatano, ana hakika. Akasema katika mji huu mzima mimi ndiye niliyemkumbuka kwa chakula, na mama yake ananisalimu.

Nikasema asante. Nikasema samaki si wa kuaminika. Nikaondoka.

Nimemwaga mayai yaliyobaki. Nilijisikia vibaya mpaka wakati wa chakula cha mchana, na baada yake kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Chester amekuja mapema, hajafungua hata duka. Kumbe Lorraine alimwendea jana baada ya kanisa, akamwambia theluji ya Chester ataizoa yeye mwenyewe Lorraine, kwa mikono yake, kwa kuwa mume wake ameumbwa bila breki. Chester aliona haya. Aliweka karatasi mezani kwetu, akasema kwa ajili ya dada yake tuichane, tunywe kahawa, yaishe. Lorraine alinishika bega. Alikuwa na machozi. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijamwona akinishika bega hivyo tangu gari letu lilipotumbukia mtaroni.

Nami nilikuwa nakaribia kabisa kukubali. Mkono ulikuwa tayari umeigusa karatasi.

Lakini usiku kucha sikulala kwa maumivu, na mtu asiyelala hufikiri. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Warushaji! Warushaji huumwa, hubadilishwa, huzeeka. Asiyebadilishwa ni mwamuzi, yule anayechuchumaa nyuma na kusema mpira huu mzuri, huu mbaya. Mwamuzi ndiye mchezo wenyewe. Na ninamjua wa Jumamosi ijayo: bwana mmoja fundi saa, macho yake yana kasoro upande wa kulia.

Nimemweleza Chester yote. Nikamwambia sitaki huruma, nataka dau mara mbili: theluji yake na majani yake makavu ya kufagia msimu wa vuli, dhidi ya theluji yangu na majani yangu. Chester alimtazama dada yake. Lorraine aliondoa mkono begani, akachukua kahawa yangu, akaimwaga kwenye sinki.

Chester akatoa kalamu.

Kesho nitapita karibu na duka la saa. Kwa mbali tu, kumtazama. Sitampelekea chakula chochote, mtu hujifunza.

Labda keki.