Dada Haondoki Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya. Nilikuwa kwenye yai la pili, Dada wetu wa kazi akasimama mlangoni akifuta mikono kwenye aproni. Akasema mama yake amezidiwa, hainuki tena kitandani, anamwulizia yeye tu. Anaomba ruhusa akamwone.

Wiki hii! Wiki ambayo Ijumaa saa kumi kamati nzima ya wakazi inakuja sebuleni kwangu kuchagua mwenyekiti! Nani ataoka keki? Nani atapiga pasi vitambaa vya meza? Mke wangu yuko kwa binti yetu tangu mwezi uliopita, analea mjukuu, nami sijui hata chumvi inakaa wapi.

Sikumkatalia. Mimi si katili. Nilimwambia aende Jumamosi. Akauliza kama haiwezekani kesho. Nikamweleza kwamba wazee huzidiwa kisha wakapata nafuu, mimi mwenyewe nina miaka sitini na mmoja na nimeshazidiwa mara nyingi. Akasema sawa, Baba. Akarudi kwenye vyombo. Aliviosha polepole mno, ikabidi nimhimize.

Jumanne, 5 Machi

Balaa jipya. Bi Miwani wa nyumba ya pili, ambaye naye anautaka uenyekiti, anapita nyumba kwa nyumba akisema wasaidizi wetu wapate siku ya kupumzika na watendewe kiutu. Watu wanamsifu! Eti humwambia mtunza bustani wake asante, na humwuliza watoto hawajambo. Siasa tupu.

Lakini kichwa changu hakijastaafu. Nitampiga kwa fimbo yake mwenyewe. Ijumaa nitatoa hotuba juu ya utu wa wafanyakazi wa majumbani, na nikifika mwisho Dada atatokea jikoni na kushuhudia kwamba hapa anaishi kama mtoto wa nyumbani. Ni kweli pia. Anakula chakula kilekile tunachokula sisi, baada yetu. Ana kikombe chake peke yake, hakuna mwingine anayekigusa.

Nimemwandikia maneno ya kusema: Baba ananijali kuliko ndugu zangu. Akayasoma mara mbili. Akauliza, akishayasema, Jumamosi ataondoka kweli? Nikamwambia bila shaka. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Hata hakutabasamu! Miaka tisa, na bado hajui kushukuru.

Jumatano, 6 Machi

Njama! Nimeinusa mapema.

Nina utaratibu wangu: asubuhi Dada hunikabidhi simu yake, inakaa kwenye droo ya meza yangu mpaka amalize kazi za jioni. Simu huunguza mboga. Basi leo saa nne ikalia droo nzima. Namba ngeni. Nikapokea. Mwanamume akataja jina la mwanamke, akasema anamtaka upesi. Jina hilo sijapata kulisikia nyumbani kwangu. Nikamwambia ukweli, hapa hakuna mtu huyo.

Akapiga tena. Akasema huyo anafanya kazi kwa mzee mmoja mstaafu. Damu ikanichemka. Amejuaje kwamba nimestaafu? Bi Miwani! Anataka kuniibia mpishi siku mbili kabla ya uchaguzi, na amemtumia dereva wake! Mara ya tatu nikapokea kwa sauti ya kike. Nyembamba kabisa, ingawa ilinikwama kooni katikati. Nikasema huyo mwanamke ameacha kazi zamani, na namba hii sasa ni yangu. Kisha akaniomba radhi kwa usumbufu. Mhalifu, lakini ana adabu.

Nikaizima simu. Jioni nikamwambia Dada imeanguka, iko kwa fundi mpaka Jumamosi. Akaomba atumie yangu awapigie kwao. Nikasema sina salio. Alisimama pale muda mrefu, mpaka nikajisikia vibaya kidogo. Nikawasha redio.

Alhamisi, 7 Machi

Dada aliomba atoke mara moja akapige simu dukani. Duka liko mlangoni kwa Bi Miwani! Nikafunga geti, ufunguo mfukoni, nikaenda mwenyewe kununua unga. Nikaleta wa uji badala ya wa ngano. Nikarudi tena. Wanaouza dukani hawana heshima, wote walicheka.

Mchana nikapanda kiti nichungulie ukutani nione adui anapanga nini. Alikuwa anamwagilia maua. Aliniona, akanisalimia vizuri, akaniuliza Dada hajambo, maana hajamwona siku mbili. Nilipoteza mwelekeo. Nikaangukia beseni la nguo zilizolowekwa. Dada akaja mbio, akanitoa, akanifunga kifundo cha mguu. Fundo alilirudia mara tatu. Nikadhani ananionea huruma.

Alasiri nikamkuta analia juu ya unga. Nikamwambia aangalie, machozi yasiingie kwenye keki.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea. Historia itanitetea.

Wajumbe tisa walikuja. Keki ilikuwa nzuri. Nikasimama, mguu umefungwa, jambo lililoongeza hadhi. Nikasema msaidizi wa nyumbani ni binadamu, ana moyo, ana watu wake. Mjumbe mmoja alitoa leso. Nilikuwa nashinda!

Ndipo akaingia Bi Miwani, amechelewa, na nyuma yake mwanamume mwenye viatu vya vumbi. Akasema amemkuta mtaani anagonga geti moja baada ya jingine, anamtafuta dada yake. Yule mtu akasalimia. Sauti ile! Nikaijua tangu neno la kwanza.

Akaeleza, taratibu, kama mtu asiye na nguvu za kugombana. Mama yao aliongea mara ya mwisho Jumatano. Alitaka kumsikia binti yake, hata kwa simu tu. Huyu kaka akaazima simu, akapiga. Mzee mmoja akamwambia hakuna mtu huyo. Kisha mzee yuleyule, akijifanya mwanamke, akamwambia ameacha kazi. Mama alifariki jana alfajiri. Wamezika jana hiyohiyo, kwa kuwa hawakujua tena wamsubiri nani.

Dada alikuwa ametokea jikoni na sinia la vikombe. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliweka sinia mezani, hakuna kikombe kilichogongana. Akasema, "Baba, naomba simu yangu."

Nikafungua droo nikampa. Nilikuwa nimesahau kwamba iko kwa fundi. Akaiwasha. Ujumbe ukaingia, ukaingia mwingine, na mwingine, wote tumekaa tunasikiliza. Ningependa angepiga kelele. Mtu akipiga kelele unaweza kumwambia apunguze sauti. Yeye alisoma tu, midomo ikicheza, kisha kaka yake akamshika bega wakatoka. Bi Miwani akawapeleka kwa gari lake.

Nilimalizia hotuba. Nadhani nilionyesha ukomavu. Nilipata kura moja, nayo naujua mwandiko wake.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba kimya. Vikombe bado viko mezani, na chai imeshika ngozi juu. Nimekaa jikoni kwenye kigoda chake. Ni kifupi, kinaumiza mgongo, na ukikaa hapo huoni dirisha. Nikasikia uzito kifuani. Nikafikiri labda ni majuto. Nikala mkate, ukapungua.

Mke wangu amepiga simu, habari zimemfikia. Analijua lile jina! Alilitaja huku analia. Akauliza kama nimetoa pole. Nikasema sijui kwao ni wapi. Akauliza, miaka tisa hukuwahi kumwuliza? Nikamkumbusha kwamba mguu wangu umevimba. Akakata.

Hakuna aliyeniuliza mimi hali yangu. Hakuna hata mmoja.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimechechemea mpaka kwa wakala anayetafutia watu wafanyakazi. Mama mmoja mtu mzima, ana daftari kubwa. Nikamwambia nataka anayejua kuoka na kupiga pasi, na mchangamfu kuliko yule wa mwanzo. Akaandika. Akauliza yule wa mwanzo aliondokaje. Nikasema mambo ya kifamilia.

Akauliza kama nina sharti lolote jingine. Nilikuwa nimelifikiria Jumapili nzima, maana mimi si mtu wa kurudia kosa. Nikamwambia aniletee ambaye mama yake amekwisha kufa.

Akaacha kuandika, akaniangalia. Nikarudia polepole, labda hakusikia vizuri.