Kuhusu Diski Inayonipokea Bila Hodi

Jumanne, tarehe 9 Machi; mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke kwetu.

Ndugu Mhariri,

Pole na kikohozi. Nakuandikia kutoka meza ya pili, nyuma ya kabati, kulalamikia kompyuta zetu mbili kuukuu, pamoja na tangazo uliloliandalia gazeti letu kwamba mwezi ujao narudi nyumbani "kwa moyo mkunjufu". Nani kakwambia?

1. Fundi alipoziunganisha kwa waya ili tuchangie diski yako, alizipa zote jina moja la kuingilia, "Mhariri", na neno la siri moja, eti wazee tusisahau. Sasa kompyuta yangu ikiiendea diski yako hujitambulisha kimyakimya kwa jina hilo, na diski hufunguka. Haiulizi kitu. Mimi, niliyelelewa kupiga hodi hata jikoni kwa mama, naingia kwa watu kama upepo.

2. Nikishaingia, mimi ndiye wewe. Kila koma ninayoirekebisha huandikwa kuwa kazi ya Mhariri. Sifa unapata wewe, ambaye koma huzitupa kama mtu anayelisha kuku.

3. Mpiga chapa ameanza kuniamkia, "Shikamoo, Mhariri!" kisha anacheka. Jana nilimwitikia marahaba, nikamnyima ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Akatii.

4. Kwa kuwa kompyuta, mpiga chapa na mimi tumekubaliana, ni haki nipewe kile kiti chako chenye mgongo. Tena, kwa mujibu wa diski, tangazo lile nimelitunga mimi. Mtu mzima hawezi kujiaga mwenyewe kwa maneno "mzee wetu amechoshwa na baridi". Mimi na baridi ya huku tumeshazoeana.

Basi, kama kiti hutoi, naomba fundi atutenganishe majina upesi, kila mtu aingie kwake.

Msalimie shemeji, watoto, na mpiga chapa meno yakipoa.

Ni mimi, si wewe,
Msahihishaji, meza ya pili

Baada ya sahihi: Fundi amepita sasa hivi, kanipa jina langu na neno langu la siri. Diski yako, isiyolijua jina hilo, imenikataa katakata. Mwambie arudishe mambo yalivyokuwa, leo hii. Gazeti linakwenda mtamboni kesho, nami nilikuwa nimefika katikati ya kulisahihisha lile tangazo. Akishindwa, malizia wewe: acha jina langu, futa yote yanayofuata, uandike kwamba nyumba yetu ya kule kwetu ina watu wengine sasa, na kwamba sitarudi.