Pilau Ndani ya Mkoba wa Mama Violet

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe inanuka pilau.

Wengine wenu wa hili kundi mlikuwepo. Wengine mtasikia kwa wenzenu, na wakishamaliza kuongeza yao mtaambiwa nilipanda juu ya meza nikacheza. Afadhali msikie kwangu. Mimi kuandika sijui, nasemea simu na yenyewe inaandika, kwa hivyo ikikosea mlaumu simu. Violet wangu yuko kazini kwao hotelini Al Sadd, na simu zao zinafungiwa kabatini mpaka wapate mapumziko. Tuko na nafasi kidogo kabla hajaona.

Mnanijua. Mimi ndiye yule mama wa picha mbili. Ile ya kwanza nimejaa kiti changu na nusu ya kiti cha jirani. Ile ya pili nimesimama kama ufagio, dera linanianguka mabegani. Katikati kuna boksi la chai ya kupunguza mwili, na maneno (nimesomewa) ati, "Mama yangu alikunywa, ona sasa."

Sasa sikieni. Hiyo chai sijawahi hata kuionja. Mimi nilikatwa tumbo.

Magoti yalikuwa yamekataa kunibeba na sukari imepanda mpaka macho yanaona ukungu. Violet akanileta huku Doha, madaktari wakanilaza, wakatoa sehemu kubwa ya tumbo nikabaki na kitu kama ndizi moja. Na Violet alinitunza, hilo siwezi kumnyima. Aliniosha. Alinisagia maharagwe. Alinishika mkono nikilia kwa ajili ya ugali kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Kuna dada mmoja wa Kisudani pale kliniki anayenifundisha kula. Kiswahili amekiokota kwa wafanyakazi, na anaongea ameinua kidole hivi: "Mama, nyama kwanza, yai kwanza, samaki kwanza. Wali badaye. Tafuna, tafuna, shwaya shwaya, pole pole. Maji usikunywe na chakula. Tumbo ikisema khalas, imetosha, khalas." Basi mimi nikasema khalas kwa kila kitu nilichokipenda duniani. Nakula kwa sahani ya kikombe na kijiko cha chai. Kipande cha kuku nakitafuna mpaka chenyewe kinasahau kilikuwa kuku. Na sijateleza. Mimi, niliyekuwa namaliza sufuria halafu nakwangua ukoko, sijateleza.

Huo uongo ulizaliwa kanisani. Mama mmoja alimshika Violet mlangoni akamwuliza, "Kwani mama yako anatumia nini?" Na Violet siku hiyo alikuwa amebeba yale maboksi ya chai, amezunguka nayo wiki mbili na hakuna aliyenunua. Akaangalia boksi. Akaniangalia mimi. Akasema, "Ni hii."

Nilifikiri ni mzaha. (Mimi mwenyewe nilicheka, mjinga mkubwa.) Kumbe nimeajiriwa.

Tangu hapo niko na kazi mbili. Nyumbani nakula kama ndege. Mbele za watu nakula kama mtu aliyeshusha simiti kwenye lori, kwa sababu chai inauzwa kwa kusema, "Kula unachotaka, itashuka yenyewe."

Basi leo Lydia wa Al Thumama alikuwa na sherehe ya mtoto wake. Asubuhi tukaenda kanisani, mchana tukaelekea huko. Ndani ya gari Violet akaanza ile sauti yake ya kupokea wageni wa hoteli: "Mami, tafadhali. Leo usitoe ile sahani yako ya mtoto. Beba sahani kama watu."

"Nikishabeba niweke wapi?"

"Mami, wewe ni mtu mzima. Utajua."

Nikajua. Nilikuwa nimeshautandika mkoba wangu karatasi ya plastiki ndani, tangu nyumbani.

Tukafika. Lydia mnamjua, anaongea kama amebanwa pua na kibanio cha nguo: "Karibuni jamani, karibuni, Mama Violet, woi, ebu geuka nikuone." Nikageuka. "Geuka tena." Nikageuka tena. Nilipokuwa mnene hawa hawa walikuwa wanasema ninamlia mtoto wangu mshahara. Nilipoanza kukonda wakanong'ona ati nina ugonjwa. Sasa nimekuwa duka, naambiwa nigeuke.

Wakanipakulia. Pilau, kuku, chapati, sambusa, kachumbari juu kama kofia. Nikakaa pembeni na mkoba wazi miguuni. Kando yangu akaja kukaa Prossy, yule msichana wa Uganda anayelinda geti la duka kubwa na analala mtaa wa Najma. Yeye hakuwa na sahani. Alikuwa na chupa ya maji tu.

"Jjajja," akaniambia (huko kwao nyanya ni jjajja), "wewe unakula hivi yote na unapungua. Mimi nakunywa chai mara mbili, chakula sikuli, tumbo inanikimbiza tu. Juzi nilianguka pale geti. Supavaiza akasema nikianguka tena ananirudisha nyumbani."

"Na kwa nini unakunywa?"

"Yunifomu imenikataa, Jjajja. Wanacheka."

Nikamtafuta Violet kwa macho. Violet alikuwa karibu, alisikia kila neno. Akageuka kuangalia keki.

Hapo ndipo ningesema. Najua. Kinywa kilikuwa kimefunguka kabisa, halafu wakaanza kumwimbia mtoto, kila mtu akageukia mishumaa, na mimi badala ya kusema ukweli nikamwaga sahani mkobani. Yote. Kwa ustadi, hata Prossy hakuona.

Nilichosahau ni kwamba sahani ikiwa tupu mwenye nyumba hawezi kulala.

"Woi, amemaliza," Lydia akapaza sauti. "Mnaona? Mnaona hiyo chai?" Akaleta nyingine. Wanawake wakanizunguka kama wanaangalia mtu anayemeza panga. Nikachukua kuku kidogo, nikatafuna, nikatabasamu. Wakakata keki, wote wakaenda kuipangia foleni, sahani ya pili ikaingia mkobani. Zipu ikaanza kulalamika.

Halafu mkoba ukalia.

Mnajua mtu wa tumbo dogo lazima ameze vitamini maisha yake yote. Violet alitega simu yangu ilie kila ikifika saa ya dawa, na aliitega kwa sauti ya jogoo, kwa sababu zile nyingine sizisikii. Na simu yangu ilikuwa wapi? Chini kabisa, imefunikwa na pilau ya watu wawili. Kokoriko. Kuizima sijui. Nikakohoa. Kokoriko. Nikaukalia mkoba.

Na jogoo yuko chini yangu anaendelea.

"Mama, simu yako," Lydia akasema.

"Itanyamaza."

"Pengine ni nyumbani Kenya, wacha nikusaidie." Na kwa upole wake wote, Mungu amsamehe, akauvuta mkoba, akafungua zipu, akatia mkono.

Sijui mmewahi kuona uso wa mtu aliyeshika kachumbari akitafuta simu. Akatoa mguu wa kuku. Akauangalia. Akatoa sambusa mbili zimeshikana kama mapacha. Halafu akatoa simu, imevaa wali, bado inawika.

Nyumba nzima wakasogea. Hata mtoto wa keki aliiacha keki yake akaja.

"Mama," Lydia akasema polepole, "si ungeniambia tu nikufungie?" Na akamgeukia Violet, na pua ikafunguka, kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake halisi: "Violet. Kwani mama halishwi nyumbani?"

Nikamwona Violet anapima. Mimi nimemzaa, najua akipima. Akisema nilikatwa tumbo, chai imekufa. Akinyamaza, yeye ni mtoto anayemnyima mama chakula. Akaangalia chini, akashika kifua, akatoa ile sauti ya watu wanaoleta habari za msiba.

"Sikutaka kusema hapa. Mami siku hizi anasahau. Anaficha chakula. Tunamwombea tu."

"Ooo," wakasema wote. "Pole. Pole sana, Violet." Mkaona? Pole ikaenda kwake.

Na papo hapo nikawa kiziwi pia. Mama mmoja akanipigia kelele sikioni, "MAMA, UNANIJUA MIMI?"

"Nakujua, wewe ndiye uliyekopa blenda yetu."

"Anachanganya," akawaambia wenzake.

Mwingine akapiga magoti mbele yangu, sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga: "Eti mama, leo ni siku gani?"

Na mimi, kwa kujiamini kabisa, nikasema, "Jumapili."

Wakaangaliana. "Leo ni Ijumaa, mama."

Sasa niambieni, kosa langu ni nini? Asubuhi tumetoka kanisani. Tumeimba, tumetoa sadaka, tumesalimiana. Huku ibada yetu ni Ijumaa kwa sababu ndiyo siku watu wako nje ya kazi. Maisha yangu yote siku ya kanisa ni Jumapili, na kalenda sijui kusoma. Nikajaribu kuwaeleza, lakini ukishahesabiwa huna akili, kila unachoeleza kinakuwa ushahidi.

Ndipo nikakasirika. Nikasimama. "Sisahau chochote. Nilikatwa tumbo. Sikunywa chai hata tone moja. Prossy, unanisikia? Hata tone."

"Ndiyo, mama," wakasema. "Ndiyo, ndiyo. Kaa."

"Nina makovu!"

"Ndiyo, una makovu. Kaa, mama."

Basi nikawaonyesha.

(Hapa mkitaka kucheka chekeni kimya kimya.) Nilishika dera kwa chini nikalipandisha mpaka kifuani, katikati ya sebule ya watu, chini ya mabaluni. Nguo zangu zote za ndani sasa ni kubwa, kwa hivyo petikoti nimeifunga na pini ya nepi. Na wakati huo huo, Baba mwenye nyumba, mume wa Lydia, akaingia na kreti ya soda. Akaona petikoti, akaona pini, akaona vile vilivyobaki vya mwili wangu. Akageuka na soda zake akarudi kwenye lifti, na hadi tunaondoka hizo soda hazikuonekana.

Na makovu yenyewe! Zamani mtu akipasuliwa alikuwa anashonwa kama gunia, ungemwonyesha yeyote. Hawa wa siku hizi wanatoboa vitundu vidogo kama punje za mahindi. Lydia akainama akaangalia. "Hivi? Hivi ni vipele, mama."

Nikamgeukia Violet. Nikiwa nimeshikilia dera hivyo, nikamwangalia machoni, nikamwambia, "Vio, waambie."

Violet akaja, akalishusha dera polepole, akalinyoosha vizuri kama alivyokuwa akininyooshea shuka hospitalini. Akawaambia, "Sasa ameanza na kuvua nguo."

Nikakaa.

Wakati wa kuondoka, Prossy ndiye aliyeinama kunivalisha viatu. Akaninong'oneza, "Jjajja, hiyo ya tumbo ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

Akaniangalia sana. Akamwangalia Violet, amevaa vizuri, anaongea vizuri, anaagana na watu. Halafu akanipapasa goti. "Sawa, Jjajja. Upumzike." Akainuka, akaenda kwa Violet, na nikaona boksi lingine la chai linaingia mkobani mwake. Mkoba wake hakuna aliyeupekua.

Kwenye gari Violet akasema, "Mami, leo umeniaibisha."

"Kwa pilau ama kwa akili?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Kile kilichotokea."

Akawasha indiketa. Aliponishusha nyumbani aende kazini alinikumbusha nimeze vitamini, na alikumbuka kuniambia nisinywe maji na chakula. Ndiyo inayoniuma zaidi, kwamba alikumbuka.

Sasa nimekaa hapa nasafisha simu na kijiti cha meno. Nimekula yai langu moja kwa kijiko cha chai, na pilau yote nimeimwaga bila kuilamba, na hiyo hakuna atakayeipigia picha.

Violet akifika mapumziko atawaambia msinisikilize, mama ni mgonjwa. Atasema vizuri, mtaamini. Najua nimeshasema leo ni Jumapili, nimewika kama jogoo na nimewaonyesha petikoti. Lakini daktari alinipunguza tumbo, na binti yangu leo amenipunguza akili. Mdomo wameniachia mzima.

Prossy, kama uko humu: imwage hiyo chai, mwanangu, ule. Nyinyi wengine msinicheke mpaka amalize kula.