Wataalamu Waje Wamwone Mbuzi Wangu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku njema kabisa. Nimekaribia umaarufu.

Asubuhi hapa chuoni Kasulu, Mwalimu Kipriani ametangaza kwamba Ijumaa wanakuja watu wa filamu za katuni kutoka Dar. Mkuu wao ni dada mmoja aitwaye Winifrida, mtengenezaji wa katuni wa siku nyingi. Watatazama kazi za kila mmoja wetu na kutuambia ukweli. Atakayewapendeza atafanya nao kazi kwenye filamu ya afya wanayoitengeneza Kibondo.

Atakayewapendeza! Mwalimu angesema tu "Nurudini" tukaokoa muda.

Katuni yangu iko tayari: mbuzi anakimbia, anaruka shimo, anakimbia tena. Nimemchora muhula mzima. Mpinzani ni mmoja tu, Trésor, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayesoma huku kwa kibali. Nimemwonyesha mbuzi ili akate tamaa mapema. Akatazama kwa adabu mpaka mwisho.

"Ndugu, mbuzi yako iko muzuri," akasema, "lakini haikanyage chini."

Wivu. Nimemsamehe.

Kura ya zamu imepigwa. Trésor wa kwanza. Mimi wa mwisho kabisa, saa ambayo wataalamu watakuwa wanawaza wali. Haiwezekani.

Jumanne, 10 Juni

Mama ameniuliza nikikosa hiyo nafasi nitarudi dukani lini. Anauza vitenge, na mgongo haumruhusu tena kushusha majora kutoka rafu za juu. Nimemwambia neno "nikikosa" lisitamkwe nyumbani kwetu. Akasema sawa, basi nikipata, niwaombe wanipe mtu wa kumshushia majora. Halafu akacheka, lakini alikuwa ameshika kiuno.

Lazima nipate.

Mchana nimempigia mjomba Abdalah, mwenye nyumba ya wageni Kibondo. Kumsalimu tu. Akanidokeza kwamba amejaza vyumba: watu wa filamu kutoka Dar! Niliiweka simu chini nikacheza uani. Kuku wakakimbia.

Mpango: kesho niko Kibondo. Nitawahudumia chai ya asubuhi, na laptopu yangu itakuwa imesahaulika mezani, mbuzi akikimbia humo. Winifrida atauliza ni kazi ya nani. Nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimefanya mazoezi ya kuinamisha mbele ya kioo.

Chuoni nimeaga kwamba naumwa tumbo.

Jumatano, 11 Juni

Kibondo. Baridi ya kukata masikio. Mjomba amenivalisha aproni yenye picha ya nanasi.

Mambo yalianza vizuri mno. Laptopu nimeiweka kando ya chupa ya chai. Akaingia bwana mwenye ndevu, kizibao cha mifuko mingi, miwani imepandishwa kichwani. Msanii mtupu! Akamwona mbuzi. Akacheka mpaka akakohoa. Akaomba nimwonyeshe tena, nikamwonyesha.

"Kijana, una kipaji," akasema. "Ila hapo pangekuwa na chui."

Chui! Nilishindwaje kuwaza chui? Nikamwongezea mayai. Nikaketi kabisa mezani kwake tujadili rangi ya madoa.

Kulikuwa na mama mmoja nyuma yangu, kajitanda kitenge kwa ajili ya baridi, akiulizia chai. Nikamwambia asubiri, hapa watu wazima wako kazini. Akauliza tena. Nikamwonyesha kidole cha kungoja. Mwishowe akajimiminia mwenyewe, akasimama kidogo akitazama kioo cha laptopu, akaenda zake.

Bwana wa ndevu alipoondoka, nikamuuliza mjomba studio yake inaitwaje. Mjomba akanishangaa. Yule anachimba visima. Watu wa filamu ndio wanatoka, gari lile pale, na mkubwa wao ni yule dada niliyemnyima chai.

Nimekaa jikoni na aproni usoni.

Jioni nimefikiri vizuri. Hajui jina langu. Tena ameshamwona mbuzi, bure, kabla ya wengine wote. Ukitazama kwa jicho la biashara, nimetangulia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi Kasulu. Chui nimemwingiza, anatokea kichakani bila sababu na kunguruma. Ngurumo nimeitoa mwenyewe chumbani. Mama alikuja mbio na mwiko.

Nimeongeza pia majina ya mwisho: mwandishi Nurudini, mchoraji Nurudini, sauti Nurudini, mbuzi Nurudini. Yanapita taratibu, na muziki wa huzuni.

Vindevu vyangu nimevinyoa ili Winifrida asinitambue. Vilikuwa vichache lakini nilivipenda.

Kisha nikamtafuta Trésor. Nikamweleza kwa uchungu wa kindugu kwamba zamu ya kwanza ni hatari, wataalamu wanakuwa wakali kabla hawajapasha moto. Nikajitolea kubeba mzigo huo badala yake. Nilikuwa na hoja nyingine nimeziandaa, hata machozi. Akakubali palepale, akanishukuru, akasema atapata muda wa kutengeneza kidogo mkono wa bibi wa kwenye katuni yake.

Ameingia mtegoni. Maskini.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikuwa wa kwanza. Winifrida aliniangalia tu, akamgeukia mwenzake, Bwana Sylvesta, mwandishi wa hadithi zao, kisha akanirudia mimi.

"Wewe si yule wa chai?"

Nikasema yule ni pacha wangu.

"Na pacha wako naye anachora mbuzi?"

Nikasema kwetu ni kipaji cha ukoo. Mwalimu Kipriani akafunika uso.

Wakatazama. Wakasema majina ni marefu kuliko filamu. Wakauliza chui ametoka wapi. Nikajibu ni ushauri wa mtaalamu. Mtaalamu gani? Nikasema wa visima. Bwana Sylvesta ikabidi atoke nje apate hewa.

Winifrida hakucheka. Alisema mbuzi hana uzito, anaelea kama mfuko wa plastiki kwenye upepo. Kisha akairudisha picha nyuma, akasimamisha pale mbuzi anapogeuza shingo kabla ya kuruka.

"Hapa tu. Hapa ulimtazama mbuzi wa kweli, au sivyo?"

Ni kweli. Ni mbuzi wetu wa Idi, asubuhi ya kuchinjwa, alipogeuka kunitazama kabla baba mdogo hajamfungua kamba. Sikuwahi kumwambia mtu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaniambia kipande hicho kimoja ni kizuri kweli. Mengine yote nitupe. Nifunge laptopu, nichukue penseli, nikakae na mbuzi hai na nichore miguu yao tu, mwezi mzima. Nisimwonyeshe mtu. Mwezi ukiisha nimtumie. Akaniandikia namba yake mwenyewe.

Trésor alikuwa wa mwisho. Filamu yake: bibi anabeba dumu la maji kupanda mlima, anabadilisha mkono, anapanda. Basi. Lakini kila hatua ya yule bibi niliisikia magotini mwangu. Nikalia. Nimewaambia ni vumbi.

Nafasi ameipata yeye. Alinikumbatia, akasema bila zamu ya mwisho asingeumaliza ule mkono.

Nyumbani mama hakuuliza. Alinipakulia ugali na maharage. Nikapanda ngazi nikamshushia majora yote ya rafu ya juu, mpaka akasema inatosha, wateja watadhani tunahama.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka na nguvu mpya. Jana nilikuwa na huzuni kwa sababu sikuwa nimeelewa. Mtaalamu mkubwa wa Dar amenipa namba yake! Trésor kapewa kazi tu.

Na kasoro aliyoiona ni moja, rahisi sana: mbuzi hana uzito. Basi nimempa uzito. Nimemnenepesha tangu alfajiri. Amekuwa kama gunia la maharage, tumbo linagusa ardhi. Miguu haionekani tena, kwa hiyo ile kazi ya kuchora miguu mwezi mzima imejimaliza yenyewe.

Nimewaonyesha wateja wote wa mama. Mmoja kanunua doti mbili, nadhani ni kwa ajili ya filamu. Kwenye majina nimeongeza: Mshauri Mkuu, Winifrida.

Mwezi ni mrefu. Saa tano nimemtumia. Alama za buluu za ujumbe kusomwa zimetokea papo hapo. Ameona! Ni saa kumi sasa, hajajibu neno.

Amekosa la kusema. Inatokea kwa kazi kubwa.

Nisipumzike. Chui naye naanza kumnenepesha.