Kompyuta Mpakato ya Ofisi ya Usuluhishi Irudishwe

Ofisi ya Usuluhishi wa Ndoa na Familia,
Chumba Namba 6, ghorofa ya chini, mkabala na stoo.

Kwa Mkuu wa Idara ya Vifaa,
Makao Makuu.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KISHIKWAMBI CHENYE KIBODI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na mwenye subira, maana subira utaihitaji ukifika ukurasa wa pili.

Mimi ni karani wa kumbukumbu wa ofisi hii. Kazi yangu, kwa miaka kumi na mmoja sasa, ni kuandika yale ambayo mume na mke wanaambiana mbele ya msuluhishi. Msuluhishi wetu ni mama mmoja aliyekuwa mkunga kabla ya kustaafu na kuletwa huku. Sote tunamwita Shangazi, hata wanaume waliomzidi umri. Wanandoa hugombana, Shangazi husikiliza, mimi huandika. Kazi imegawanyika vizuri.

Wiki sita zilizopita waraka wako ulitufikia, wenye kichwa kisemacho: "Je, Kishikwambi Chenye Kibodi Kinaweza Kuchukua Nafasi ya Kompyuta Mpakato?" Nilifurahi kuulizwa. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena ili nijibu vizuri. Ndipo nilipoona kwamba jibu mmeshaliandika wenyewe chini yake, nalo ni ndiyo, na kwamba mleta waraka alikuwa tayari ameukumbatia mpakato wangu akielekea mlangoni. Sikupata hata nafasi ya kuuaga.

Kwa heshima na taadhima, nakuletea malalamiko yangu kwa namba, ili usipate taabu unapoyakataa moja moja.

1. Jina lenyewe. Kompyuta mpakato imeitwa hivyo kwa sababu hupakatwa, kama mtoto. Chumba chetu kina meza moja, na meza hiyo ni ya Shangazi, mafaili yake na ua lake la plastiki. Mimi hukaa pembeni kwenye kiti, nikapakata. Kishikwambi hakipakatiki. Kina mguu mmoja kwa nyuma, mwembamba kama ukucha, unaotaka mahali pagumu palipo sawa. Mapaja yangu, Ndugu Mkuu, si magumu wala hayako sawa, na kwa umri wa miaka hamsini na miwili sina mpango wa kuyarekebisha kwa ajili ya Idara ya Vifaa. Siku ya kwanza kilianguka mara nne. Mara ya nne, mama mmoja aliyekuja kumshtaki mumewe aliacha kulia, akanionea huruma, akakishika kwa mikono miwili mpaka nikamaliza kuandika mashtaka yake. Mume akalalamika kwamba karani ameshachagua upande. Nikaandika na hilo.

2. Ukubwa. Mpakato wangu ulikuwa na kifuniko kipana, na nyuma yake nilikuwa najificha. Katika kazi hii lazima ujifiche. Mwanamume mwenye ndevu za heshima anapoeleza kwa nini alimnunia mkewe siku tisa kwa sababu ya mto wa kulalia, karani hatakiwi kucheka. Kishikwambi kinaficha kidevu basi. Nimeshacheka mbele ya watu mara tatu. Mara moja nimelia, siku walipokuja wazee wawili kuuliza kama inaruhusiwa kuachana baada ya miaka arobaini na sita, kwa kuwa mmoja ni kiziwi na mwenzake amechoka kupaza sauti. Shangazi aliuliza sikio lipi ni zima, akamhamisha bibi akae upande ule, kisha akawaambia waende nyumbani wakapange viti hivyo hivyo. Walitoka wameshikana mikono, nami nimekaa pale uso wazi kama sinia, machozi yanatiririka, sina pa kuupeleka.

3. Ujuaji. Kishikwambi kina tabia ya kumalizia neno kabla mimi sijalimaliza, na Kiswahili chenyewe hakikijui sawasawa. Mwanamume mmoja alisema, kwa uchungu wa kweli, "Nimevumilia kwa miaka kumi na miwili." Kishikwambi kikaandika: Nimevimbiwa kwa miaka kumi na miwili. Kumbukumbu ziliposomwa, mkewe alisema hilo ndilo neno la kwanza la kweli kumtoka mumewe, akakataa katakata lisahihishwe. Kikao kizima kikawa cha neno hilo.

4. Namba nne nimeifuta. Nilikuwa nimeandika kwamba hakichaji, lakini fundi wa kompyuta alipokuja alinionyesha kwamba swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Nimeiacha namba mahali pake ili ujue unashughulika na mtu wa haki.

5. Wepesi. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mpakato wangu ulichukua dakika kumi na tatu kuamka. Najua katika ripoti zenu mliliita hilo tatizo. Shangazi ana sheria yake kwamba hakuna kusema neno mpaka karani awe tayari. Basi mume na mke walikuwa wanakaa pale kimya, wakiutazama mpakato unavyonguruma. Watu huja kwetu na hasira ya moto kama pasi, lakini hasira ya nyumbani haihimili dakika kumi na tatu za kukaa bila kazi. Kwenye dakika ya tano hivi, mke humuuliza mume kama alifunga mlango wa nyuma. Kwenye dakika ya nane, mume huuliza kama mtoto amemaliza dawa yake. Mashine ikifunguka, wengine wameshasahau sentensi waliyokuwa wakiikariri njia nzima. Wapo walioondoka kabla haijafunguka, wakasema watarudi siku nyingine, na hawakurudi. Hao Shangazi aliwahesabu kuwa wamesuluhishwa, nami nasema alikuwa sahihi.

Kishikwambi ukikigusa tu, macho. Maneno yanaandikwa yangali yanafuka moshi. Juzi bwana mmoja alisema hataki kumwona mkewe tena, na kabla hajayameza maneno yake, yalikuwa yameshahifadhiwa na kutumwa kwenu Makao Makuu, maana kitu hiki huhifadhi bila kuombwa. Najua neno likishatoka halirudi. Lakini zamani angalau lilikuwa linapanga foleni.

Nilimwomba fundi wa kompyuta akifanye kiwe kizito kidogo, hata dakika sita tu. Alivua miwani yake. Alisema amefanya kazi hii miaka ishirini na hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Kisha akasema hawezi, akaniuliza kama nyumbani kwangu wote hawajambo.

6. Kuachana. Kioo na kibodi ya kishikwambi vimeshikana kwa sumaku tu. Ukivivuta kidogo, kila kimoja kinakwenda njia yake. Ofisi nyingine zinaweza kuvumilia jambo hilo. Yetu haiwezi, na ushahidi ni yaliyotokea Alhamisi.

Tuna shauri la bwana mmoja fundi saa na mkewe mshonaji wa mapazia. Wamekaa pamoja miaka kumi na tisa, na katika hiyo, miwili ya mwisho wamekuwa wakiongea kwa karatasi zinazobandikwa kwenye mlango wa jokofu. Shitaka la mke lilikuwa kwamba mume aliihamisha meza yake ya kazi kutoka sebuleni akaipeleka kwenye ujia, gizani, ili amkwepe. Nilipomuuliza kama kuna jingine alisema hilo linatosha, na alivyolisema niliona linatosha kweli. Kikao cha kwanza walikuja wote. Cha pili mke alikataa kuja, mume akaongea peke yake. Cha tatu ndicho cha Alhamisi.

Shangazi alikuwa ametoka mara moja kupokea simu. Mke akasema bila shaka siku ile yeye asipokuwepo, mumewe alimpaka matope, na anataka kuona kilichoandikwa. Nikamweleza kwamba kanuni haziruhusu. Alinyoosha mkono akavuta, na kioo kikamfuata kama kilikuwa kinamsubiri. Mume, katika kutaka kuzuia, alidaka kilichobaki, akajikuta amesimama katikati ya chumba na kibodi mikononi, kama mtu aliyeachiwa mfuniko sufuria imeondoka. Ungekuwa mpakato, Ndugu Mkuu, mama yule angelazimika kuubeba mzima mzima, pamoja na waya wake, na pengine pamoja nami.

Alisoma akiwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Alisoma muda mrefu, akasukuma kwa kidole, akarudi juu, akasoma tena. Halafu akakilaza kioo kifudifudi kwenye kizingiti cha dirisha, akachukua mkoba wake, akatoka bila hata kutuaga.

Mume akaniwekea kibodi mapajani, taratibu. "Andika kwamba nilijaribu," akasema, na yeye akaenda zake.

Sikuweza kuandika, kwa kuwa kioo kilikuwa dirishani.

Kwa hiyo ndoa ya miaka kumi na tisa, iliyohimili ugonjwa, ukwe, na miaka miwili ya barua za jokofu, imevunjwa na sumaku yenye ukubwa wa kifungo cha shati. Sisemi Idara ya Vifaa imeivunja. Nasema sumaku ni yenu.

Kutokana na hayo naomba yafuatayo: mpakato wangu urudishwe; kama mmeshampa mtu mwingine, anyang'anywe kwa upole; na kama haya yote hayawezekani, mtuletee gundi.

Nisalimie wote hapo idarani. Msalimie mleta waraka, mwambie sina kinyongo, alitumwa. Msalimie fundi wa kompyuta, mwambie nyumbani kwangu wote hawajambo. Shangazi anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nimeandika.

Wako katika ujenzi wa ndoa,

Karani wa Kumbukumbu,
Chumba Namba 6.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi asubuhi hii walipoingia fundi saa na mkewe, pamoja, bila miadi. Mke aliomba aonyeshwe tena ukurasa ule wa kikao cha pili. Safari hii Shangazi alikuwepo, naye akasema kanuni zikae pembeni kidogo. Nikaubandua ukurasa, yaani kioo, nikampa mama mkononi.

Siku ile Shangazi alikuwa amemuuliza mume kwa nini aliihamisha meza. Akajibu kwamba mkewe akikata kitambaa huimba kwa pua, bila mwenyewe kujijua. Walipoacha kuongea hakuacha kuimba. Kule sebuleni hasikiki, lakini ujia umepakana ukuta na chumba cha cherehani, na ukiweka kiti karibu na ukuta unasikia vizuri. Mimi niliyaandika hayo kama ninavyoandika mengine, nikasonga mbele.

Mama alisoma mpaka mwisho, akamgeukia mumewe. "Mbona hukuniambia mimi?"

"Siku niliyoulizwa hukuwepo."

"Nilikuwa nyuma ya ukuta," mama akasema, "miaka miwili yote."

Wameomba faili lao lifungwe, na wameomba nakala ya ukurasa huo mmoja. Kishikwambi hakina tundu la waya wa printa yetu (hilo lilikuwa liwe lalamiko la saba), kwa hiyo mama ameunakili kwa kalamu, bwana akimsomea. Alipofika pale pa kuimba kwa pua akaruka mstari. Mkewe akamrudisha.

Shangazi sasa anataka kila anayekuja kwetu apewe kioo akasome dirishani, peke yake, yale mwenzake aliyosema siku yeye hakuwepo. Tunaomba kishikwambi cha pili. Mpakato wangu mpeni yeyote mwenye mapaja na nafasi.

Barua yenyewe naituma kama ilivyo, kwa kuwa imenichukua siku mbili na sina moyo wa kuitupa. Naomba uisome, uisikitikie, uipige mhuri, kisha usifanye lolote, kama mlivyozoea.