Kuhusu Sanduku la Baridi Lililohamia Chumbani kwa Mzazi

Morogoro,
Masika, 1994

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Darubini Kubwa.

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Mimi ni Mwanaasha, mke wa Mwalimu Stambuli wa Mazimbu, yule mliyempa kazi ya kubuni sanduku la baridi la spektrografu yenu ya infraredi. Nimejifungua juzijuzi na naandika huku nanyonyesha, kwa hiyo mwandiko ukipinda, ujue mtoto karusha mguu.

Mume wangu amenieleza mpaka nikaelewa. Nyota zina mwanga wa joto ambao macho hayauoni, na chombo chenu kitaupasua vipande vyembamba laki moja. Ila kila chenye joto hung'aa mbele yake, hata chombo chenyewe, ndiyo maana lazima kikae ndani ya baridi kali. Hapo sina ugomvi. Ugomvi ni kwamba ofisi yake inavuja, basi sanduku la majaribio kalileta chumbani kwetu. Malalamiko yangu:

1. Jiko la mkaa limetolewa nje. Mvua haikatiki, milima hatujaiona tangu wiki iliyopita, na nepi nilikuwa nazikausha juu ya jiko hilo. Sasa zimelowa zote, na kanga mbili.

2. Mama mkwe ameshuka kutoka Kinole kuja kunikanda kwa maji ya moto, kama anavyokandwa mzazi yeyote. Mwanawe akamsimamisha mlangoni na ndoo yake, akimwomba kwa adabu zote asubiri yapoe. Mama akamwambia, "Stambuli, siku niliyokuzaa wewe, maji yangesubiriwa yapoe, leo ungekuwa na mama wa kumzuia mlangoni?" Akapita. Mshale wa kipimo ukaruka, na mume wangu akakaa chini kama aliyefiwa.

3. Mimi na mwanangu Zuhura, ambaye jina hilo la nyota alimchagulia baba yake mwenyewe, tumeandikwa kwenye mchoro kuwa chanzo cha joto kisichotakiwa. Nimeombwa ninyonyeshee uani. Kwenye mvua.

Mheshimiwa, najua siku hizi kila kitu ni ruksa. Jirani kafungua duka barazani, mwingine kapanga mitumba kitandani. Lakini hata ruksa huishia mlango wa mzazi. Tena tufikiri pamoja: chombo kinachoshindwa kumvumilia mtoto wa kilo nne kitaivumiliaje nyota, ambayo nasikia ni moto mtupu? Basi mchague. Ama libuniwe sanduku lenye nafasi ya mzazi, mtoto na ndoo. Ama nyota zipozwe kwanza hukohuko ziliko, ndipo zitazamwe. Ama mjumbe mmoja aje na mgongo wake, ambebe Zuhura mpaka vipimo viishe. Na katika vile vipande laki moja, sitaki kuonekana mchoyo, naomba kimoja tu, cha joto, kwa ajili ya nepi.

Mume wangu ni mtu mwema. Nepi anafua mwenyewe. Kinachomshinda ni kuzikausha. Ila sanduku liondoke kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wajumbe wote, na mlinzi wa darubini, maana huko mlimani naye anapigwa baridi bure.

Wako katika unyevu,
Mwanaasha, Mama Zuhura

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama mkwe ameuliza mbona nyuma ya sanduku kuna joto. Mume wangu akaanza kueleza kwamba pampu ikitoa joto ndani, sharti ilitupe nje. Mama hakumsubiri amalize, akatundika nepi. Zimekauka zote, na Zuhura amelala. Msitume gari la kulichukua sanduku. Barua hii ishughulikieni baada ya masika, na kama mnalo sanduku la pili, mama anauliza kama linaweza kufika Kinole.